Rais wa Chuo Ametoka Wapi, na Shahada ya Binti Yangu Itakuwaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu amedahiliwa na vyuo vikuu viwili vya Marekani. Rais wa chuo cha kwanza ni profesa wa fizikia, na wa pili ametumia maisha yake katika biashara. Shemeji zangu wanasisitiza kwamba chuo cha mfanyabiashara kitaporomoka katika orodha za ubora na shahada ya binti itakosa thamani. Je, ni kweli? Mzazi, Morogoro.

JIBU: Mzazi wetu, pokea hongera kwa binti. Tuweke sawa kwanza suala la cheo, kwa sababu hapa kwetu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni Rais mstaafu Jakaya Kikwete, ambaye huongoza mahafali na kutunuku shahada, lakini shughuli za kila siku zimo mikononi mwa Makamu Mkuu wa Chuo. Rais wa chuo cha Marekani anafanya kazi ya huyo Makamu, na juu yake anabeba mzigo mzito wa kuwatafuta wafadhili.

Hakuna orodha kubwa ya ubora inayotoa alama kwa wasifu wa rais. Hata hivyo, wasifu huo una njia yake ya kupenya. Jarida la U.S. News & World Report lilipotoa orodha yake ya kwanza mwaka 1983, lilitegemea maoni ya marais wa vyuo peke yao, na hadi leo asilimia 20 ya alama hutokana na fomu ambayo marais na wasaidizi wao wakuu hujaza, wakikipa kila chuo alama kuanzia 1 hadi 5. Anayejaza fomu hiyo hawezi kuwa amevitembelea vyuo vyote, na kwa maoni yangu jina la kiongozi anayeheshimika kitaaluma humsaidia kukikumbuka chuo kwa wema.

Njia ya pili, ambayo naiona nzito zaidi, ni maamuzi. Richard Freeland, mwanahistoria aliyechunguza kwa undani maendeleo ya vyuo vikuu vya Massachusetts, alianza kuiongoza Northeastern ya Boston mwaka 1996, ilipokuwa nafasi ya 162. Alijua orodha inahesabu nini. Kwa kuwa madarasa yenye wanafunzi chini ya 20 yalipewa alama, chuo kiliweka kikomo cha wanafunzi 19 katika madarasa mengi, na alipoondoka mwaka 2006 kilikuwa cha 98. Tafadhali utafakari huyo mwanafunzi wa ishirini aliyekuta darasa limejaa kwa ajili ya alama hizo, kisha mwaka 2023 jarida hilohilo likaondoa kabisa kigezo cha ukubwa wa darasa.

Shemeji zako wana hoja kiasi. Mtafiti Amanda Goodall amegundua kuwa vyuo vya juu duniani huelekea kuongozwa na wanazuoni ambao tafiti zao hunukuliwa sana, na Tim Wolfe, aliyetoka katika biashara ya programu za kompyuta, alijiuzulu urais wa mfumo wa Chuo Kikuu cha Missouri mwezi Novemba 2015 kufuatia maandamano ya wanafunzi dhidi ya ubaguzi wa rangi, na ndani ya miaka miwili idadi ya wanafunzi wapya katika kampasi kuu ikapungua kwa takriban theluthi moja. Lakini naye Marc Tessier-Lavigne, mwanasayansi wa ubongo mwenye sifa kubwa, aliacha urais wa Stanford mwaka 2023 baada ya uchunguzi kubaini kasoro katika makala za utafiti alizoshiriki kuandika, na Stanford ilibaki nafasi ya 3. Chuo chenye jina la miaka mingi na hazina nene humeza aibu ya kiongozi wake. Chuo cha kati hakina kinga hiyo.

Kwa hiyo, mzazi wetu, usikichague chuo kwa wasifu wa rais, ambaye huenda akaondoka binti akiwa mwaka wa pili. Mwambie binti aviandikie vyuo vyote viwili barua pepe wiki hii, aulize ni wanafunzi wangapi wa fani yake humaliza ndani ya miaka sita, nani hasa hufundisha madarasa ya mwaka wa kwanza, na kama msaada wa ada alioahidiwa umeandikwa kwa miaka yote minne au kwa mmoja tu.