Barua kwa mwanangu: toleo jipya lipige hodi

Tanga, 14 Septemba 2025

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi hatujambo, na baba yako mgongo umeanza kumwachia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara moja jikoni peke yangu na mara mbili pamoja na baba yako, naye kila ulipofika mwisho alikuwa tayari ana jibu. Mimi sikuwa nalo, ndiyo maana nimeona nikuandikie badala ya kukupigia.

Umeuliza hivi. Kuanzia tarehe 1 Novemba, Google haitapokea katika duka lake toleo jipya la programu inayolenga Android 15 au ya juu yake ikiwa maktaba zake za ndani, yaani vifurushi vya msimbo vinavyozungumza na chipu moja kwa moja, haziwezi kufanya kazi kwenye simu zenye kurasa za kumbukumbu (vipande ambavyo simu hugawia kumbukumbu yake) za kilobaiti 16, ilhali zetu zilijengwa kwa kilobaiti 4 kama ilivyokuwa desturi. Tena FFmpegKit, kifurushi kinachoingiza FFmpeg, ule mtambo huria wa kukata na kubana video, ndani ya programu za simu, na ambayo programu yetu ya kukata video imeiegemea miaka minne sasa, ilistaafishwa mwezi Januari na faili zake zilizokuwa tayari kwa kutumika zikaondolewa. Basi unataka kujua kama wewe na wenzako wawili mwandike programu upya kwa Media3, maktaba ya Google ya kushughulikia video kwenye Android, mkitumia uwezo wa simu yenyewe wa kubana video, au mjikakamue kuijenga FFmpeg kwa mikono yenu na kuendelea kukarabati ile ile ya zamani.

Baba yako anasema mwandike upya. Anasema programu iliyoanza na megabaiti 9 na sasa ina 38 imekwisha kuwa mzigo kwa mtu anayenunua bando la siku, na kwamba simu ina chipu yake ya kubana video, hivyo hakuna sababu ya kubeba kinu kizima mgongoni wakati mwenye nyumba anacho chake uani. Hilo silikatai. Nimepokea simu za wateja kwa miaka minane, najua ni wangapi waliifuta programu yetu si kwa sababu ilikuwa mbaya, bali kwa sababu simu iliwaambia nafasi imejaa na wao wakatafuta kilicho kikubwa.

Lakini kabla sijasema lolote kuhusu upya na ukuukuu, nataka nikukumbushe yule fundi cherehani wa Korogwe. Ulikuwa chuoni wakati ule, na nadhani sehemu ya habari ile hukuisimuliwa, kwa kuwa mimi na baba yako hatukupenda kuizungumza mbele yenu.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba 2021. Mwaka ule pia kulikuwa na tarehe ya Novemba, kwa maana kila toleo jipya lilitakiwa lilenge Android 11, na katika Android 11 programu hairuhusiwi tena kuzurura katika hifadhi ya simu kama ilivyozoea. Sisi tangu 2015 tulikuwa tunaweka kazi za wateja katika folda yetu wenyewe, iliyokaa wazi kwenye hifadhi ya simu, ambapo kila mtu aliweza kuiona. Baba yako alikaa usiku nne akaandika sehemu ya kuzihamisha kazi zote kutoka kwenye folda ile kwenda katika chumba cha ndani cha programu, chumba ambacho simu huitengea kila programu na kukifunga kwa wengine. Alimaliza siku ya Ijumaa. Tarehe ilikuwa inatukaba, akalipeleka toleo lile kwa watumiaji wote, asilimia mia moja, kisha akalala hadi Jumamosi adhuhuri.

Jumatatu fundi akanipigia. Alikuwa mteja wetu wa zamani, anayefundisha ukataji wa nguo kwa video fupi fupi anazowauzia wanafunzi wake kwa WhatsApp, na alikuwa na masomo 43 ambayo hajayamaliza, mengine ameyarekodi humo humo ndani ya programu yetu pamoja na sauti yake. Aliniambia programu inafunguka na kujifunga. Sasa tunajua ni kwa nini: hifadhi ya simu yake ilikuwa karibu kujaa, na kazi ya kuhamisha ilikuwa inakwama kwenye somo la mwisho mwisho, na kila akifungua inaanza tena na kukwama tena. Karibu masomo yake yote yalikuwa yamekwisha kuhamia chumba cha ndani, salama kabisa.

Nami nikamjibu kama nilivyowajibu watu tangu 2015, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Usiwe na wasiwasi mama, ifute programu kisha uiweke upya, kazi zako ziko kwenye folda, hazipotei."

Mwanangu, maneno yale yalikuwa kweli kwa miaka sita. Yaliacha kuwa kweli siku ya Ijumaa usiku, na hakuna aliyeniambia. Kitu kilichomo katika chumba cha ndani hufutwa pamoja na programu, hilo ndilo lililokuwa badiliko lenyewe, na mimi niliyekuwa nashika simu ya wateja nilikuwa mtu pekee ndani ya nyumba ile ambaye hakulijua.

Alikuja kwa basi siku ya pili yake. Nilimketisha barazani, akanipa simu, nikafungua programu, na kwenye ukurasa wa kazi kulikuwa na ile picha uliyotuchorea ulipomaliza kidato cha nne, utepe wa filamu wenye macho mawili na tabasamu, na chini yake maandishi: "Bado hujaanza kazi yoyote. Anza sasa!" Niliitazama picha ile muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu nilikuwa sijui nianze kusema nini. Yeye hakupiga kelele. Aliuliza tu kama yale masomo yamekwenda mahali fulani. Nikamwambia hayapo. Akanyamaza, akachukua simu yake, akaifuta kioo kwa ncha ya khanga kana kwamba tatizo liko hapo.

Baba yako alimrudishia fedha zake zote na kukaa naye kujaribu kurejesha chochote, wakapata vipande viwili tu ambavyo aliwahi kuwatumia wanafunzi. Aliyarekodi mengine upya katika miezi iliyofuata, na mpaka leo ni mteja wetu, jambo ambalo sijui kama tungelistahili.

Nimelirudia hili moyoni mara nyingi, na nakiri siwi mwadilifu kwa baba yako kila ninapolirudia. Sheria ile haikuwa mbaya. Kabla yake programu yoyote ya tochi iliweza kuomba ruhusa moja na kupekua picha zako zote, na ni haki ya mtu kufungiwa milango ya nyumba yake. Chumba cha ndani kilikuwa mahali pazuri zaidi kwa kazi za watu kuliko folda ya wazi, ambayo watoto waliifuta kila siku wakitafuta nafasi ya michezo. Kazi ya baba yako ilikuwa sahihi. Isipokuwa kwamba aliifanya usiku, akaingia kwenye simu za watu bila kumwambia yeyote, hata mkewe.

Ndiyo maana nimekuwa nikiwaambia nyote wawili, mpaka mmechoka kunisikia, kwamba toleo jipya ni mgeni anayeingia nyumbani kwa mtu, na mgeni hupiga hodi. Mtumiaji hakeshi akisubiri toleo letu. Simu yake inalipokea yenyewe usiku ikipata mtandao wa bure, naye akiamka anakuta vyombo vimehamishwa. Hodi yetu sisi ni maandishi yale mafupi ya "yaliyobadilika", ambayo ninyi vijana huandika "tumerekebisha hitilafu ndogo" kila wiki. Ni ukurasa mmoja unaomwambia mtu kwamba kazi zako sasa ziko hapa, na ukifuta programu zitapotea, zihifadhi kwanza. Ni karatasi iliyobandikwa juu ya meza ya anayeshika simu ya wateja kabla toleo halijatoka. Na ni kupeleka toleo kwa asilimia 1, kisha 5, kisha ukasubiri siku mbili ukisoma malalamiko, maana Google inakuruhusu kusimamisha usambazaji katikati, lakini aliyekwisha kulipokea toleo bovu huwezi kumrudisha kwenye la jana; unachoweza ni kumpelekea jingine lenye namba kubwa zaidi, na kuomba lifike kabla hajafuta.

Angalia pia kwamba lile la 2021 halikuwa kuandika upya. Yalikuwa marekebisho, ya faili mbili. Kwa hiyo unaponiuliza upya au ukarabati, nakuona kama unauliza ni mlango upi uingilie, wakati mimi nataka kujua kama mwenye nyumba amesikia.

Hata hivyo nisikukwepe. Kuhusu ukarabati nina neno, na neno lenyewe ni ule mstari wa kijani.

Unaukumbuka. Mwaka 2016, video za harusi zilizokatwa kwenye aina moja ya simu za bei nafuu zilikuwa zinatoka na ukanda mwembamba wa kijani chini kabisa, juu ya pindo la shela ya bibi harusi. Tulikuwa tumejaribu wakati ule kutumia chipu ya simu badala ya FFmpeg, kama mnavyotaka kufanya sasa. Baba yako alihangaika usiku tatu akidhani ni rangi. Wewe ulikuwa unafanya hesabu zako pembeni, ukamsikia akisema chipu hugawa picha katika miraba ya pikseli 16, ukaandika kwenye daftari 1080 gawanya kwa 16 ukapata 67.5, ukasema, "Baba, haigawanyiki." Haikuwa inagawanyika. Chipu ile ilikuwa inajaza hadi 1088 ili miraba ikamilike, na zile pikseli 8 za ziada, ambazo simu nyingine huzikata zenyewe, pale zilibaki, tupu, za kijani. Baba yako alikubeba ukiwa na miaka kumi na mitano, akazunguka nawe uani, na nilisikia majirani wakiuliza umefaulu mtihani gani.

Mstari wa msimbo ulioandikwa usiku ule bado umo ndani ya programu. Hauna maelezo kando yake, nimeuona, namba 16 tu imekaa peke yake. Kijana wako mgeni akiuona atasema ni uchafu. Na imo mingine mingi kama huo, kuna wa simu zinazozungusha video zilizorekodiwa wima, kuna wa sauti inayotangulia midomo baada ya dakika ya kumi. Kila mmoja ni mteja aliyenipigia. Mkiandika upya mtaitupa yote kwa pamoja, kisha mtaanza kuipata tena, mmoja mmoja, kwa gharama ya wateja wale wale. Media3 imefunika mengi kati ya hayo, baba yako ananiambia hivyo hapa nikiandika, na ninamwamini. Lakini chipu za simu za bei nafuu hazijaacha kuwa na tabia zake.

Upande wa pili, mkiijenga FFmpeg wenyewe mtakuwa mmejitwika kitu ambacho kilikuwa kinabebwa na watu wengine. Baba yako anasema NDK mpya, ya 28, yaani vifaa vya Google vya kujengea maktaba za ndani, inapanga maktaba kwa kilobaiti 16 bila kuambiwa, kwa hiyo Novemba mtapita. Sawa. Na mwaka ujao kutakuwa na tarehe nyingine, maana tangu 2018 hakuna mwaka uliopita bila yake, na ninyi ni watatu, na mmoja wenu anaoa Desemba. Naogopa kukuona unatumia ujana wako kutunza kinu cha kusagia. Halafu tena naogopa zile simu zenye Android ya chini ya 8 ambazo umesema toleo la upya litaziacha. Najua hazitazimika, wenyewe watabaki na toleo walilo nalo. Fundi wa Korogwe simu yake ni mojawapo. Nilimuuliza jana.

Umeona ninavyojibishana mwenyewe. Jibu linanijia kinywani na ninalirudisha, kwa sababu jina lililo kwenye akaunti sasa ni lako, si langu, na nilikwisha kusema siku tuliyokukabidhi ufunguo wa kusaini matoleo ya programu kwamba sitakuwa mama anayekabidhi nyumba na kubaki na komeo. Nitasema moja tu, ambalo si hukumu: lolote mtakalochagua, kazi za watu zinakiliwe kwanza, nakala ihakikiwe, na ya zamani isifutwe hadi mtu mwenyewe akubali. Na nipewe ile karatasi ya kubandika mezani siku tatu kabla, maana bado kuna wateja wanaopiga namba yangu.

Simu saba za majaribio nimezitoa kwenye sanduku la bati na kuzichaji tangu asubuhi. Sita zimewaka. Ile ya mstari wa kijani imewaka pia, betri yake imevimba kidogo, kwa hiyo usiichaji tena hadi ibadilishwe betri. Nitazifunga pamoja na dagaa na kumpa kondakta wa basi la kesho asubuhi; nitakupigia kukwambia ni basi gani ukazipokee.

Mama yako