Tairi jipya lifungwe na tyubu mpya

Je, ukifunga tairi jipya la pikipiki, tyubu nayo ibadilishwe? Ndiyo, ibadilishwe pamoja na tairi, hata kama ya zamani haina kiraka. Tyubu hutanuka kadiri inavyotumika na hairudi katika ukubwa wake wa awali. Ukiiingiza kwenye tairi jipya huweza kujikunja, na mkunjo huo husuguana na kupata joto la mwendo hadi mpira unapasuka, pengine ghafla ukiwa kasi, jambo ambalo ni hatari kuliko upepo unaovuja polepole. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri hivyo hivyo, na bei ya tyubu ni ndogo mno ikilinganishwa na ya tairi. Vipimo vyake vilingane na vya tairi, kwa mfano 3.00-17, ambavyo ni vya kawaida kwa gurudumu la nyuma la bodaboda, na ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki ukaguliwe pia, maana mafundi wenye haraka huurudisha hata ukiwa umechanika. Tyubu ya zamani iliyo nzima inaweza kubaki ya akiba. Haya hayahusu tairi lisilotumia tyubu, lililofungwa kwenye rimu iliyotengenezwa kwa ajili yake.