Jibu: Kikomo cha akaunti kinasaidia kweli?

Ndugu, umeuliza kama kuna faida ya kuweka kikomo kwenye akaunti ya kubeti, yaani mwisho wa pesa au muda unaojiruhusu, wakati mtu anaweza kukiongeza mwenyewe. Ipo, ila inategemea umekiweka lini. Kiweke ukiwa umetulia, kabla hujabeti, si baada ya kuliwa. Aliyeliwa anawaza kurudisha hela yake tu, na hapo ndipo watu wengi huzama. Kwenye tovuti nyingi zenye leseni, ukipunguza kikomo kinaanza kazi papo hapo. Ukitaka kukiongeza unasubirishwa, mara nyingi saa 24 au zaidi. Kusubiri huko ndiyo kinga yenyewe, hasira inapata muda wa kushuka.

Anza na kikomo cha kuweka pesa, cha wiki au mwezi, kiasi ambacho hata kikipotea chote kodi na chakula haviguswi. Kikomo cha muda wa kucheza nacho usikidharau. Ila kikomo kinabana akaunti moja tu, kwa hiyo kama unazo tatu, funga mbili.

Ukijikuta unahesabu saa ili ukiongeze, ndugu yangu, achana na vikomo. Omba kampuni ya kubeti ikufungie akaunti kabisa, hata kwa miezi 6, na umwambie mtu unayemwamini.