Baridi husikiwa au huhisiwa?

Msomaji ameandika: "Nilitafsiri makala kuhusu mishipa ya fahamu. Nilipoandika 'mgonjwa anasikia maumivu', mhariri alifuta 'anasikia' akaweka 'anahisi', akisema sikio ndilo husikia, ngozi huhisi tu. Je, nilikosea?"

Hukukosea hata kidogo. Kusikia baridi, kusikia maumivu, kusikia kizunguzungu, hata kusikia harufu ni Kiswahili cha tangu na tangu. Na si chetu peke yetu: Kizulu kina -zwa, Kiganda -wulira, Kichewa -mva, Kilingala -yoka, na kila kimoja cha vitenzi hivyo hubeba sauti pamoja na yale yanayoupata mwili. Hisi tumelipokea kutoka Kiarabu na tunalihitaji, lakini mgeni hamtoi mwenye nyumba. Watu husema pia "naona njaa", "naona baridi", na macho hayamo kabisa.

Kinachounganisha matumizi haya ni kwamba jambo lenyewe ndilo linalokujia. Mkono ukienda kulitafuta, tunabadili kitenzi: tunagusa, tunapapasa, tunatomasa. Sikiliza sentensi hii: "Nilipapasa ukuta gizani, nikasikia ubaridi wa chuma." Mkono umekwenda, habari imerudi. Mwili nao ndivyo ufanyavyo. Ncha za neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizo ngozini zikibonyezwa, zikipata joto au zikiumizwa, hupeleka ishara za umeme kwenye uti wa mgongo na kisha ubongoni. Sikio lenyewe halina njia tofauti sana: mtikisiko wa hewa hupinda vijinywele vya seli zilizo ndani yake, na hapo ndipo sauti huanza. Kwa hiyo hoja ya mhariri haisimami hata kwa upande wa sayansi.

Kinachonisikitisha zaidi katika tafsiri za aina hii ni kuona maumivu yote yakiitwa "maumivu" tu, ilhali tuna vitenzi tele. Kichwa huwanga, tumbo husokota, jeraha lililotiwa chumvi huchonyota, jipu hupwita. Haya si mapambo. Mtu akijikwaa dole gumba la mguu, kwanza huchomwa, mara moja, mahali anapoweza kupaonyesha kwa kidole. Kisha, baada ya kitambo kidogo, huja maumivu ya pili, mazito, yaliyotanda. La kwanza limepita katika nyuzi za neva zenye ala nyembamba ya mafuta, zinazosafirisha ishara kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. La pili limepita katika nyuzi zisizo na ala, ambazo mwendo wake ni kati ya nusu mita na mita 2 kwa sekunde, na kutoka mguuni hadi ubongoni ni zaidi ya mita moja. Andika "kilichoma, kisha kikaanza kuuma", na msomaji atakuwa amezipata njia zote mbili bila istilahi hata moja.

Tazama pia kuwasha. Tunawasha moto, na pilipili inawasha. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake walitambua protini iliyo kwenye ncha za neva inayoamshwa na kiini cha ukali wa pilipili, na protini hiyohiyo huamshwa na joto linalopita takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Ulimi wenye pilipili hupeleka ubongoni habari ya moto. Wazee waliochagua kitenzi hicho walisikiliza miili yao vizuri sana.

Mahali pa hisi ni kwenye istilahi: hisi ya mguso, hisi ya joto, hisi ya maumivu. Usiandike "hisia ya joto". Hisia tuwaachie wenye furaha na huzuni. Ile hisi inayokujulisha mkono wako uko wapi hata ukifumba macho, itokayo kwenye misuli na viungo, mimi huiita hisi ya mkao wa mwili. Ardem Patapoutian, aliyepata Tuzo ya Nobeli pamoja na Julius mwaka 2021, ndiye aliyeonyesha na wenzake protini ambayo hisi hiyo inaitegemea, na inayotumika pia katika mguso.

Rudisha basi "anasikia maumivu". Mkubalie mhariri mahali pamoja tu: ikiwa aya hiyohiyo inaeleza kwamba mgonjwa amepimwa masikio na ngozi. Hapo "hasikii" peke yake litamchanganya daktari, nawe andika "mguu wake umekufa ganzi".