MRI peke yake haithibitishi MS

Je, madoa meupe kwenye MRI ya ubongo (picha inayopigwa kwa sumaku) yanatosha kusema mtu ana MS, yaani ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ganda la neva? Hapana, hayatoshi. Presha ya muda mrefu, kipandauso, hata umri tu, huacha madoa yanayofanana na hayo.

Vigezo vya McDonald vya 2017, ambavyo madaktari hutambulia MS, vilitaka kwanza kuwe na dalili, mfano jicho moja kufifia kwa siku kadhaa, kisha madoa yawe angalau sehemu mbili kati ya nne: kando ya vyumba vya maji vya ubongo, kwenye gamba lake au jirani nalo, shina la ubongo na serebela (ubongo mdogo wa nyuma), au uti wa mgongo. Tena ionekane hayakutokea kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mgonjwa hudungwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha: doa bichi hung'aa, la zamani haling'ai. Kama hilo halionekani, bendi za oligokloni (alama za protini za kinga) kwenye maji ya uti wa mgongo zinaweza kuziba pengo. (Marekebisho ya 2024 yameongeza neva ya jicho kuwa sehemu ya tano.)

CT, ile picha ya eksirei, usiitegemee kwa hili, madoa mengi haiyaoni.