Mwili Mkavu, Mwili wa Moto, na Sufuria Moja

MUULIZE MAMA WA KIBORILONI

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Njiro, Arusha. Ni mwembamba tangu utotoni, ngozi kavu, mikono baridi, choo kigumu, na nikila maharage usiku tumbo linajaa gesi hata usingizi siupati. Kwenye mazoezi ya yoga niliambiwa mimi ni "vata", nikapewa orodha: wali wa basmati, lozi, asparagasi, samli. Niache maharage, kabichi na kachumbari. Kwa mshahara wangu lozi siziwezi. Nianzie wapi?
— Mwalimu, Njiro

Marahaba mwanangu. Anza kwa kuikunja hiyo orodha uiweke kabatini. Haikukosewa, ila aliyeiandika hajawahi kukanyaga soko la Kilombero.

Mimi mambo haya niliyapata jikoni kwa mama mmoja Mhindi wa Kigujarati hapa Moshi, niliyempikia miaka mingi. Tulimwita Ba. Orodha hakuwa nayo. Akishika chakula chochote aliuliza: hiki ni kikavu au kina mafuta? Kizito au chepesi? Kinapasha mwili au kinaupoza? Ukishajua hivyo, unaweza kupika popote.

Ayurveda, elimu ya kale ya tiba ya Wahindi, inasema kila mwili una nguvu tatu. Vata ni upepo na uwazi, pitta ni moto na maji kidogo, kapha ni maji na udongo. Sote tunazo zote tatu, isipokuwa kwa kila mtu kuna moja au mbili zinazotawala. Kanuni yake ni kwamba kinachofanana na nguvu huiongeza, kinachopingana nayo huituliza. Vata ni kavu, baridi, nyepesi, haitulii. Kwa hiyo mpe mwili wako chenye majimaji, joto, mafuta kiasi na uzito kidogo. Katika ladha zao sita, tamu, chachu na chumvi huituliza vata. Kali, chungu na ile inayokaza ulimi kama ndizi mbichi huichokoza. Ukisikia "tamu" usikimbilie sukari. Wali, ngano, maziwa na viazi vitamu vimo humo.

Sasa niambie, Uchagani ni chakula gani kina joto, ulaini na mafuta kwa pamoja? Mtori! Ndizi zimechemka na nyama mpaka zimelainika, zikapondwa, zikatiwa siagi au maziwa. Ndizi ikishaiva hivyo, ule ukakasi wa kukaza ulimi umekwisha. Na bibi zetu walimpa nani mtori? Mzazi. Ba alipoona hivyo alicheka sana, maana vitabu vyao vinasema mwanamke aliyetoka kujifungua vata yake imepanda, apewe vya moto vyenye mafuta. Wachaga na Wagujarati hawakukaa kikao wakakubaliana, lakini masufuria yao yanasema kitu kimoja.

Maharage usiyaache, wewe mwalimu unayahitaji kwa protini na kwa mfuko. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, pika mpaka yalainike kabisa, kisha unga kwa mafuta, tangawizi, binzari nyembamba na chembe ya mvuje. Mvuje unanuka vibaya ukiwa mbichi, usiogope. Maduka ya viungo ya Wahindi wanao. Yale mchana. Ayurveda inaamini moto wa tumbo, wanaouita agni, huwaka zaidi jua likiwa utosini, na tumbo lako limeshakwambia kuwa maharage ya usiku haliyataki. Usiku pika choroko na mchele kwenye sufuria moja, na manjano na kijiko cha samli. Hicho wao wanakiita khichdi, na ndicho chakula cha mgonjwa, cha mtoto na cha siku ya uvivu. Kabichi ikipikwa na mafuta, kidogo, haina neno. Kachumbari iwe ya kuonja. Badala ya lozi kuna parachichi, na parachichi Arusha ni la kuokota. Ufuta nao unafaa.

Halafu kuna hali ya hewa. Arusha iko kwenye mita kama 1,400, na baridi ya Juni na Julai unaijua. Miezi hiyo supu na uji wenye maziwa uwe ndio msingi wako. Ayurveda yenyewe hutofautisha umbo ulilozaliwa nalo na hali uliyonayo sasa, kwa hiyo usijibandike jina la vata mpaka uzeeni. Tazama mwili wa wiki hii.

Nawe ujue kwamba maabara hazijathibitisha hizi aina tatu za miili. Mimi nazitumia kama njia ya kupanga chakula, si kipimo. Ukiona uzito unapungua bila sababu au damu kwenye choo, nenda hospitali kabla ya kwenda sokoni.

* * *

Mama, mimi ni dereva wa Hiace, Moshi–Arusha. Kifua kinawaka moto kila nikila, nina hasira za haraka na jasho jingi. Jamaa anasema ni "pitta" na anauza vidonge vya unga wa Kihindi vya kuipoza. Ninunue?
— Dereva, Majengo, Moshi

Usinunue. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, ukakuta karibu moja kati ya tano ina risasi, zebaki au aseniki. Unga usio na lebo kwenye karatasi ya gazeti sitaki hata kuusikia.

Kapime vidonda vya tumbo kwanza, na yule mdudu wa tumboni anayevisababisha. Kwa upande wa chakula, maelezo yako kweli ni ya pitta. Moto huongezwa na kikali, kichachu na chumvi, na wewe hula stendi: nyama choma, pilipili ya kusaga, achari, kisha jioni mbege. Mbege imechachuka, na uchungu wa msesewe, lile gome linalotiwa humo, hauwezi kuiokoa. Punguza hivyo. Kula mnafu, tango, dafu likipatikana, wali na choroko zilizotiwa giligilani. Usikae na njaa mpaka saa tisa ndipo ule kwa kisasi. Hasira zako huenda nusu yake ni njaa, nusu trafiki.

* * *

Shikamoo Mama. Mume wangu ni mkavu na mwembamba, mimi ni mnene, mzito wa kuamka, makamasi hayaniishi. Tumesoma kwamba yeye ni vata na mimi kapha. Je, nipike sufuria mbili?
— Mama wa watatu, Ngarenaro

Marahaba. Sufuria mbili, na mkaa ulivyo bei! Pika moja, mgawanyike mezani. Mfano ndizi na nyama: chemsha kwa mafuta kidogo, viungo vya kutosha, tangawizi na pilipili manga. Yake utie kijiko cha samli na parachichi pembeni. Yako pakua ndizi chache, mboga chungu nyingi, nyanya chungu au mnafu, bila samli. Kapha ni nzito, baridi, yenye utelezi. Inatulizwa na kikali, kichungu na kinachokaza ulimi, na chakula chepesi. Ugali wako uwe wa ulezi au mtama, wake wa mahindi, na hapa nakubali utasonga mara mbili.

Mtindi usiku acha, vitabu vyao vya kale vinaukataza usiku kwa watu wote. Loshoro, yale mahindi yenye maziwa ya mgando, ni tamu, naipenda, lakini kwako iwe ya mchana na kikombe kimoja. Chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne ndiyo nayoishuku kuliko ndizi zote. Na kama hujapima sukari na presha mwaka huu, kapime.

* * *

Mama, ni kweli samaki na maziwa havipikwi pamoja?
— Msomaji, Himo

Ayurveda inakataza, inahesabu kuwa vinagombana tumboni. Sayansi haijaona sumu hapo. Samaki wa nazi kula kwa raha zako, tui si maziwa ya ng'ombe.

* * *

Mtoto wangu wa miezi minane ana makohozi. Nimesikia asali hukausha kapha. Nimpe kiasi gani?
— Mama mdogo, Sakina

Usimpe hata tone. Asali haipewi mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1, iwe ya nyuki wakubwa, wadogo, ya Tabora au ya shamba lenu, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza mwili wake. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na akipumua kwa shida au mbavu zikiingia ndani, mpeleke kituo cha afya leo hii, usisubiri kesho.