Ukungu wa manjano kwenye filamu za vipande

SWALI: Salamu, Fundi. Nasafisha filamu za inchi 4 kwa 5 kwa dawa ya PMK, ndani ya ngoma ya Jobo, ile inayozungushwa na mashine. Negativu zatoka na ukungu wa manjano na michirizi pembeni. Mashine mbovu?
– Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Mashine haina kosa, ndugu yangu. Pairogali, kemikali iliyomo katika PMK, na hewa hawapatani. Kwenye sinia filamu huzama. Ngomani dawa ni kidogo, na kila mzunguko huibeba hewani, ikachoka kabla ya muda wake. Hapo rangi ya manjano ya dawa hutua popote badala ya kufuata fedha ya picha.

Changanya dawa mafungu mawili. Muda ukifika nusu, mwaga la kwanza, tia la pili likiwa bichi. Zungusha polepole, na uanze kwa kuloweka filamu majini.

Mimi, nisikufiche, PMK ningeiachia sinia. Ngomani ningetia Pyrocat-HD, fungu moja la A, moja la B, na maji mia, yenye katekoli, kemikali jamaa ya pairogali. Hiyo huvumilia hewa zaidi. Maji ya Lamu mchana yana joto, basi yapooze kwa barafu nje ya chupa, usiitie ndani. Glavu lazima: dawa zote mbili ni sumu na hupenya ngozi. Na mabaki, tafadhali, mbali na kisima.